Baridi ya Mwaka Jana na Kipupwe Kinachokuja

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari ya hali ya hewa kwa ajili ya toleo la muhula huu, kwanza nilikataa. Si kwamba nilikosa la kusema, bali habari yenyewe inanihusu mimi, na si habari ya kujisifu. Lakini mwezi wa sita umekaribia, na kipupwe hakimngoji mtu. Basi nimeona afadhali niaibike kidogo sasa, kuliko wenzangu wapate hasara tena kwa kosa lile lile.

Shule yetu imejengwa juu ya kilima katika nyanda za juu za kusini, mkoa wa Njombe. Wanaotoka pwani husikia kwamba Tanzania ni nchi ya joto, na huko kwao ni kweli. Lakini hapa kwetu, kuanzia Juni hadi Agosti, kengele ya alfajiri inapolia hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa mguu nje ya blanketi. Maji ya pipa huuma vidole kama pilipili, na wakati wa mchakamchaka pumzi za wasichana huonekana kama moshi wa jikoni. Kule Kitulo, katika wilaya ya Makete, ambako uwanda una urefu wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni jambo la kawaida asubuhi kukuta majani yamekuwa meupe. Weupe huo si theluji wala mvua ya mawe. Ni sakitu, yaani umande na unyevu wa hewa ulioganda juu ya majani na udongo.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikabidhiwa kazi ya kusoma vipimo vya hali ya hewa. Nyuma ya maabara tuna kisanduku cheupe kilichosimama juu ya miguu minne, kimo chake kutoka chini kama mita moja na robo, na pande zake ni za vibao vilivyoachana ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani mna vipimajoto viwili. Kimoja huonyesha joto la juu kabisa la mchana, na cha pili joto la chini kabisa la usiku. Kila siku saa tatu asubuhi nilivisoma na kuandika katika daftari. Kabla yangu walikuwapo wengine waliofanya kazi hiyo, na madaftari yao yamehifadhiwa kabatini. Yote pamoja ni ya miaka 11. Niliyapenda sana madaftari yale. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala.

Mwezi wa tano mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa kilimo aliniita.

"Wewe ndiye mwenye madaftari," alisema. "Je, mwaka huu tunaweza kushuka bondeni mapema?"

Kushuka bondeni maana yake ni kulima vinyungu. Wenyeji wa huku wanajua, lakini kwa faida ya wazazi walio mbali nitaeleza. Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo wa huko hubaki na unyevu hata mvua zikishakoma. Shule ina eneo la robo tatu ya ekari kando ya kijito, na mwalimu alitaka kupanda viazi mviringo. Fedha ya viazi hivyo ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi. Ingenunua mablanketi mazito kwa wenzetu wa kidato cha kwanza waliokuja bila hayo. Mmoja wao, mtoto kutoka Lindi, alifika na shuka mbili nyepesi, kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuhitaji zaidi.

Nilikaa na madaftari jioni tatu. Nikatafuta katika miaka iliyopita mwaka ambao mwezi wake wa tano ulifanana na ule tuliokuwa nao, nao nikaupata. Mvua zake zilichelewa kukoma, ukungu ulikaa siku nyingi, hata kipimo cha mvua kilikaribiana. Ilikuwa kama mapacha. Basi nikafunua kurasa za Juni, Julai na Agosti za mwaka ule, nikaona joto la chini kabisa lilikuwa nyuzi 6. Nilikwenda kwa mwalimu mbio mbio.

"Mwalimu, mwaka huu hakutakuwa na sakitu," nilisema. Sikusema "huenda". Sikusema "nadhani". Nilisema hakutakuwa.

Mlinzi wetu wa langoni ni mzee wa hapa hapa kijijini. Siku tuliyoshuka na majembe alituangalia, kisha akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, msishuke huko kabla ya mwezi wa nane. Baridi hulala bondeni." Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nilicheka. Mzee hakuwa na daftari wala kipimajoto. Mimi nilikuwa na miaka 11 mkononi.

Mwezi wa sita wote ulikuwa wa mawingu na manyunyu. Tulitetemeka darasani, lakini kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 7, na viazi vikachipua vizuri, majani mabichi yanapendeza. Nikapita mbele ya mzee kichwa juu. Kisha katika juma la pili la Julai mawingu yakaondoka. Ilikuwa siku nzuri ya jua, tukafua, tukaanika nguo, tukaota jua tukisema kwamba baridi imekwisha. Usiku ule upepo ulitulia kabisa na nyota zilikuwa nyingi ajabu. Asubuhi nilisoma nyuzi 4. Ilikuwa chini kuliko nilivyotazamia, lakini maji huganda kwenye sifuri, kwa hiyo sikuwa na hofu.

Nilipokuwa ninaandika, mwenzangu alikuja mbio kuniita. Tulishuka bondeni. Kinyungu chote kilikuwa cheupe, kana kwamba mtu amemwaga chumvi usiku kucha. Jua lilipopanda weupe ukayeyuka, na ilipofika saa tano majani ya viazi yalikuwa meusi, yamelegea, mfano wa mboga iliyotiwa maji ya moto. Mwalimu wa kilimo hakunigombeza. Alisimama kitambo, akasema, "Haya, mwanangu, tuone kitakachochipua tena." Afadhali angenigombeza.

Machipukizi mapya yalitoka kidogo. Mwisho tulivuna magunia matatu mahali tulipotegemea ishirini. Mablanketi hayakununuliwa. Yule mtoto wa Lindi alilala nami chini ya blanketi langu hadi mwisho wa Agosti, na katikati yake aliugua kifua akakaa siku nne katika chumba cha wagonjwa. Hakujua kwamba blanketi lake lilipotea kwa sababu ya maneno yangu. Nilimwambia mwaka huu, muhula ulipofunguliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani ulijuaje mwanzoni kwamba hakutakuwa na baridi?" Swali hilo ndilo ninalojaribu kulijibu hapa.

Mwalimu wa Jiografia alinisaidia kutafuta makosa yangu, na tuliyakuta matatu.

La kwanza ni mahali. Daftari langu lilipima kilima, na viazi vilikuwa bondeni. Usiku ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, na hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo huteremka mtelemko kama maji na kujikusanya mahali pa chini. Zaidi ya hayo, kisanduku chetu kiko juu ya ardhi, na katika usiku mtulivu majani ya chini huweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko hewa ya kimo kile. Kumbe nyuzi 4 kilimani zilikuwa sifuri au chini ya sifuri kando ya kijito. Mzee aliposema baridi hulala bondeni, hakuwa akisema fumbo. Alikuwa akieleza jambo kama lilivyo.

La pili ni aina ya baridi. Mimi nilidhani siku za mawingu na manyunyu ndizo za kuogopa, kwa kuwa ndizo zinazotutetemesha. Baridi hiyo huletwa na upepo wa kusi. Miezi hiyo nchi za kusini mwa dunia zimo katika majira ya baridi, na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Bahari ya Hindi ya kusini husukuma hewa ya ubaridi hadi kwetu. Lakini mawingu hufanya kazi ya blanketi, maana huzuia joto la ardhi lisitoroke lote. Sakitu huja mawingu yanapoondoka na upepo unapotulia. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nami nimejifunza kwamba dalili ya sakitu ni kukosekana kwa mawingu.

La tatu ndilo kubwa. Niliamini kwamba mwaka ukifanana na mwaka mwingine mwanzoni, utafanana nao hadi mwisho. Katika maktaba nilikuta kwamba si mimi wa kwanza kujaribu njia hiyo. Waliojaribu kabla yangu walikuwa wataalamu wakubwa.

Nchini Uingereza theluji ilianza kuanguka kwa wingi tarehe 26 Desemba 1962, na nchi ikabaki katika baridi kali hadi mwanzoni mwa Machi 1963. Wastani wa joto la Januari katika eneo la kati la Uingereza ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri. Mito iliganda, na hata maji ya bahari yaliganda karibu na ufuko wa Herne Bay. Mechi za mpira ziliahirishwa juma baada ya juma. Waingereza wana kumbukumbu za joto la eneo hilo la kati tangu mwaka 1659, lakini kumbukumbu zote hizo hazikuwaambia mapema kwamba majira yale yangekuwa hivyo. Baadaye, mnamo Desemba 1963, idara yao ya hali ya hewa ilianza kuwatangazia wananchi utabiri wa mwezi mzima. Njia waliyotegemea ilikuwa kutafuta katika kumbukumbu miaka ya zamani iliyofanana na hali ya sasa, kisha kutazama kilichofuata. Yaani ile ile njia yangu, ila wao walikuwa na kumbukumbu nyingi zaidi. Matangazo hayo yalikoma mwaka 1980.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Lorenz, alichapisha mwaka 1969 utafiti wa jambo hili hili. Alichukua kumbukumbu za miaka mitano za anga la nusu ya kaskazini ya dunia, akatafuta siku mbili ambazo hali yake ilifanana kweli kweli. Hakuzipata. Zilizokaribiana zilikuwapo, lakini tofauti ndogo iliyokuwapo kati yao ilizidi kukua kadiri siku zilivyopita. Niliposoma hayo nilimkumbuka pacha wangu wa daftarini. Walifanana sura tu mwezi wa tano, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Je, tuseme basi kumbukumbu hazina faida, tuzitupe? La hasha. Kosa langu halikuwa kusoma daftari. Kosa langu ni kuliuliza swali lisiloweza kujibu. Nililiuliza, "Mwaka huu utakuwa kama upi?" Ningaliuliza, "Katika miaka yote, jambo hili limetokea mara ngapi?" ningalipata jibu jingine kabisa. Baada ya hasara nilihesabu. Katika miaka ile 11, joto la kilimani lilishuka hadi nyuzi 4 au chini yake katika miaka saba, na mara zote ilikuwa kati ya katikati ya Juni na katikati ya Agosti. Saba katika kumi na moja! Ni mkulima gani angepanda viazi bondeni mwezi wa sita akijua hesabu hiyo? Nayo ilikuwa kabatini muda wote. Mzee mlinzi alikuwa nayo kichwani bila kuandika hata tarakimu moja.

Kumbukumbu za baridi iliyopita hazituambii tarehe. Zinatuambia baridi inaweza kufanya nini, ili tujiandae kabla haijafika. Na asiyejiandaa hulipa, hata akiwa tajiri. Jimbo la Texas huko Marekani lilipigwa na baridi kali Desemba 1989, umeme ukakatika. Februari 2011 likapigwa tena, umeme ukakatika tena, na baada yake wakaguzi wakaandika ripoti wakishauri mitambo na mabomba ya gesi yakingwe yasigande. Ushauri huo kwa sehemu kubwa haukufuatwa. Februari 2021 baridi ilirudi kwa nguvu zaidi. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa kwa ajili ya dhoruba ile. Hakuna aliyeweza kujua tangu 2011 kwamba siku yenyewe itakuwa katika Februari 2021. Lakini kwamba siku kama hiyo itakuja, hilo lilijulikana. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta mwingine hujengwa kwa maisha ya watu.

Sasa nirudi kwetu, maana kipupwe kinachokuja ndicho kinachotuhusu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kabla msimu haujaanza, nasi tutausikiliza redioni na kuubandika kwenye ubao wa matangazo. Lakini tuusome jinsi ulivyoandikwa. Haumwambii mtu kwamba tarehe fulani itakuwa hivi. Unasema kuna uwezekano gani wa msimu kuwa na baridi zaidi ya kawaida, ya kawaida, au pungufu. Nao ni mwelekeo wa msimu mzima, hali sakitu huua mazao kwa usiku mmoja. Msimu wa wastani mzuri waweza kuficha usiku mmoja mbaya ndani yake, kama ulivyofanya mwaka jana.

Wengine wananiambia, "Dunia inaongezeka joto, mambo ya sakitu yanakwisha." Ni kweli kwamba dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19, na kwa sababu hiyo daftari la zamani linahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi. Lakini Texas ya mwaka 2021 ilikuwa katika dunia hiyo hiyo yenye joto. Baridi kali zinapungua, hazijakoma.

Basi, mwaka huu tumefanya mambo manne. Kwanza, tumeshusha kipimajoto kimoja bondeni, tukakifunga kwenye kigingi kando ya kinyungu. Katika usiku wa anga safi mwezi huu, kimeonyesha nyuzi tatu hadi tano chini ya kile cha kilimani, na sasa nina daftari jipya lenye safu mbili. Pili, viazi vya mapema vimepandwa katikati ya mtelemko, na bondeni hatutashuka kabla ya mwezi wa nane. Mzee mlinzi alipoambiwa alisema tu, "Vema, mjukuu wangu," wala hakunikumbusha la mwaka jana. Tatu, tumekata nyasi kavu na kuzirundika karibu na shamba, ili jioni ya anga safi isiyo na upepo tuweze kuyafunika machipukizi kabla ya kulala. Nne, hatukungoja viazi ili kununua mablanketi. Walimu na wanafunzi tumechangishana kidogo kidogo, na manane yamekwisha nunuliwa. Yule mtoto wa Lindi alipata la kwanza.

Bado wako kumi na wanne wa kidato cha kwanza wenye mashuka matupu. Wazazi wapenzi mnaosoma gazeti hili, hasa mlio Pwani, Lindi, Mtwara na Tanga, tafadhali msipime baridi yetu kwa kipupwe cha kwenu. Mtoto akija likizo, mrudisheni na blanketi zito, sweta na soksi za sufu. Na ninyi wadogo zangu mtakaopokea madaftari nikishamaliza mtihani wangu mwezi wa kumi na moja, andikeni kila siku, hata siku ambayo haina jambo. Mtu akiwauliza kama mwaka huu kutakuwa na sakitu, mhesabieni miaka yote, mwambieni ni mara ngapi katika mingapi, kisha mwende mkakate nyasi.